Chenja Katika Gari la Baba

Bulyaga, Tukuyu
14 Machi 2004

Kwa kaka yangu Jacob,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwetu kwenye baridi na ukungu. Ninaamini barua hii inakukuta mzima wewe na shemeji Tusekile, na kwamba jua la Nachingwea halimtesi sana katika hali aliyo nayo. Sisi tunaamka, tunashukuru. Mama magoti yanamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakasirika, anachukua jembe na kwenda zake migombani. Baba macho yamefifia sana. Siku hizi anamtambua mtu kwa sauti, na mimi ananitambua kwa harufu ya grisi, ndivyo anavyosema mwenyewe. Mvua haijakatika tangu Novemba, chai inachumwa kila wiki, na njia ya Lufingo imekuwa ile unayoijua, gari linapanda kwa maombi.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nimefurahi mno kusikia shemeji ana mimba ya miezi saba. Kaka, nilisoma mstari huo nikiwa nimesimama dirishani posta, nikamwambia yule mama wa stempu ambaye hata simjui, naye akapiga kigelegele. Halafu nikaendelea kusoma, na furaha ikaniishia palepale.

Umeniomba nimsomee Baba maneno yako, kwa kuwa yeye hawezi tena kusoma. Umesema miaka minne umebishana na moyo wako, na sasa umechoka kubishana. Umesema unakubali kwamba ni wewe uliyeacha redio ya gari ikiwaka, labda sauti tu uliishusha, ndipo betri ikafa, ndipo mtoto wenu akafa. Umesema unamwomba Baba akusamehe kabla shemeji hajajifungua, ili huyu anayekuja asije katikati ya hasira za wakubwa. Na umesema nyumbani kwako hakuna redio, na hata shuleni watoto wakifanya mazoezi ya kwaya unatoka nje mpaka wamalize.

Nilimsomea Baba Jumatano mchana, sebuleni, Mama akiwa mlangoni. Nilisoma yote, sikuruka neno. Baba alilia, kaka. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata alipozikwa Bibi. Alisema niandike siku hiyohiyo kwamba amekusamehe, kwamba amekusamehe kwa moyo wote, na kwamba urudi. Basi barua hii ndiyo hiyo niliyoagizwa kuandika. Ila kabla ya kufika huko, naomba univumilie nikueleze habari za lile gari tangu mwanzo, maana mengine hukuwepo, na mengine hukuambiwa.

Unakumbuka Baba alivyostaafu kule kiwandani, baada ya wawekezaji kuja na wazee wote kuambiwa kazi basi. Wenzake walijenga, wengine walinunua mashine za kusaga. Baba akaenda Dar es Salaam, akarudi na Mark II nyeupe iliyotumika huko Japani miaka kumi na tatu, gia otomatiki, viti vya kitambaa, redio yake ya asili bado ipo, nayo inawaka hata ufunguo ukitolewa. Watu walisema mzee amerukwa na akili. Lakini kila harusi ya Lufingo ilibebwa na gari lile, na kila mgonjwa pia, na Baba hakumkatalia mtu.

Tatizo lilikuwa kanda. Unyevu huu wa kwetu unaota ukungu hata kwenye viatu, sembuse kanda za muziki. Redio ilikuwa inatafuna kanda za kwaya moja baada ya nyingine, Baba anazivuta kwa kalamu, anazirudisha, zinatafunwa tena. Mwezi wa kumi na moja mwaka tisini na tisa akanijia hapa karakana, akasema amesikia kuna mashine iitwayo chenja, inakaa kwenye buti, inameza CD sita, nayo inapiga kutwa bila mtu kuigusa. Alitaka iwe tayari kwa sikukuu ya kwaya, Jumamosi ya pili ya Desemba. Akasema ameamua nimfungie mimi.

Kaka, wewe huwezi kujua neno hilo lilinifanya nini. Wewe ndiye uliyekuwa mwalimu. Mimi niliishia darasa la saba, nikaenda Mbeya kulala chini ya magari ya watu. Baba hakunitukana hata siku moja, lakini wageni wakija alikuwa anasema nina mwanangu mwalimu pale Mpuguso, na huyu mwingine yupo yupo hapo mjini. Yupo yupo! Sasa leo mzee mwenyewe amekaa kwenye kigoda changu, kati ya betri na matairi, ananiomba nimchagulie mashine.

Tulikwenda wote Mwanjelwa kule Mbeya, kwa Meshaki, aliyekuwa akiuza vitu vya Dubai. Akatutolea aina tatu. Ya kwanza ilikuwa redio mpya ya kuchomeka kwenye dashibodi, inakula CD moja tu. Ya pili ilikuwa redio mpya pamoja na chenja yake ya CD sita, vimetengenezwa kuishi pamoja, ukizima kimoja na kingine kinazima. Mimi nilitaka hiyo. Ndiyo ilikuwa sahihi, na nilimwambia Baba hivyo. Lakini Baba akasema redio iliyozaliwa na gari haitoki kwenye gari, angekuwa anaona aibu kuing'oa wakati haijafa. Basi tukachukua ya tatu, chenja peke yake, inayokuja na kisanduku kidogo. Kisanduku hicho kinarusha sauti ya CD kwenye redio ya zamani kana kwamba ni kituo cha redio. Unafungua redio, unatafuta themanini na nane nukta saba, unakuta kwaya inaimba. Baba alicheka dukani mpaka Meshaki akaleta chai.

Nilifunga Alhamisi, pale nyumbani Lufingo. Niliilaza chenja kwenye kona ya buti juu ya kipande cha godoro, ili mashimo ya njia yasirushe nyimbo. Nilipojaribu haikupiga, nikaanza kumlaani Meshaki, kumbe zile skurubu nyekundu za safari, zinazoibana mashine isitikisike ikisafirishwa, nilikuwa sijazitoa. Ule waya mwembamba wa kitufe cha kuongozea niliupitisha chini ya zulia mpaka mbele. Mvua ilinikuta katikati ya kazi, Mama akanishikia turubai juu ya buti. Kuna jambo hapo nimeliruka, nitalirudia. Jioni nilimkabidhi Baba, nikamwambia akitoa ufunguo, chenja inazima yenyewe, akumbuke kuzima redio tu. Hayo ndiyo maneno yangu, nayakumbuka.

Jumamosi ulikuwepo. Ulimwona Baba alivyofungua milango yote minne pale uwanjani kanisani na kwaya ya CD ikaimba mpaka wenye kwaya halisi wakanuna. Lakini hukusikia alichowaambia wazee, maana ulikuwa umemfuata shemeji Mpuguso. Alinishika bega, akasema hawa wanangu wawili wote ni wasomi, ila kila mmoja na darasa lake. Wazee wakanipa mkono mmoja mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sijawahi kupewa mkono na wazee wale.

Jioni ile ulimleta shemeji kwa gari hilo, akae kwa Mama mpaka ajifungue. Mlikuja Lufingo kwa sababu gari lipo. Hilo huwa linanirudia kichwani kila siku. Mngebaki Mpuguso mngepata usafiri wa kufika hospitali, lakini mlisema mwende kwenye gari la uhakika. Ukaliegesha pembeni ya nyumba ndogo ya jikoni, alipokuwa analala shemeji. Ukakaa humo kidogo ukisikiliza wimbo mmoja, Mama alikuona. Halafu ukazima redio, ukatoa ufunguo, ukaingia ndani kula.

Sasa heshima ya Baba kwa wakamwana unaijua. Ni mkristo na mzee wa kanisa, lakini katika jambo hilo ni Mnyakyusa wa zamani. Mke wa mwanawe hakutani naye njiani, hakai naye chumba kimoja, wala hapandi naye gari moja. Siku zote Baba alikuwa akiamka analiwasha gari, analipasha moto, anasikiliza nyimbo mbili tatu. Tangu shemeji alale pale hakuthubutu kusogea upande ule. Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu kupitia njia ya chini mtoni, watu wakamshangaa. Jumatatu vilevile. Gari halikuguswa na mtu.

Ya Jumanne unayajua kuliko mimi, na sitaki kukuumiza kwa kuyasimulia yote. Mama anasema uchungu ulianza saa moja asubuhi, na saa mbili ikaonekana mtoto amekaa vibaya. Baba akakupa ufunguo kupitia dirishani, akaingia chumbani akafunga mlango, ili shemeji apite uani bila kumwona. Ukamlaza shemeji kiti cha nyuma. Ukageuza ufunguo, kimya. Ukageuza tena. Majirani wakaja wakasukuma, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Mlilisukuma mpaka darajani kwenye kijito, na ndani yake shemeji analia, na kule chini likakwama, halipandi wala haliwaki. Saa nne ndipo lilipopita lori la majani ya chai likawachukua. Mlipofika hospitali, yule mtoto wa kiume alikuwa ameshachoka. Hakulia. Mama alisema alikuwa na vidole virefu kama vyako.

Na kesho yake, mbele ya ukoo wote, Baba akasema yale maneno. Kwamba umemuua mwanao kwa muziki. Uliapa kwamba uliizima redio. Uliapa mara tatu. Hakuna aliyekutetea. Shemeji alikuwa bado hospitali. Mama aliinamisha kichwa. Mwezi wa pili ukaomba uhamisho wa mbali kuliko wote uliokuwepo, na hujakanyaga hapa tena.

Kaka Jacob, sasa nakuja kwenye lile nililoliruka. Kama umekaa na shemeji, naomba usimsomee kwanza. Soma mwenyewe, halafu utaamua.

Redio uliizima. Hukosei, hukukosea, na wala usiruhusu moyo wako ukudanganye tena. Uliizima.

Siku ile ya Alhamisi, waya mwekundu uliniishia. Chenja ilitakiwa ipate umeme kutoka mbele, kwenye fyuzi inayotii ufunguo, ili ufunguo ukizimwa nayo ife. Waya niliobaki nao ulifika kiti cha nyuma tu. Ningeweza kurudi mjini kuchukua mwingine, lakini mvua ilikuwa inanyesha, na Baba alikuwa amesimama barazani ananitazama, kila mara anauliza kama imekubali. Nikachukua umeme hapohapo kwenye waya wa taa ya buti. Waya huo una umeme saa zote, ufunguo uwepo usiwepo. Nikajiambia ni kwa muda tu, Jumatatu nitakuja na waya nimalize. Kila fundi anajiambia hivyo. Kisha nikamdanganya Baba kuhusu ufunguo, maana niliona aibu kusema kazi haijaisha.

Na redio ile ilikuwa kitu mbali na chenja kitu mbali. Ulipozima redio ulizima sauti tu. Kule kwenye buti, chenja iliendelea kuzungusha CD zake, inamaliza moja inachukua nyingine, bila mtu kusikia, Jumamosi usiku na Jumapili na Jumatatu, inakula betri mpaka ikaimaliza. Jumatatu sikuja kubadilisha waya. Kulikuwa na basi la watu limeletwa hapa karakana, nikasema nitakwenda Jumatano.

Utauliza nimejua lini. Nimejua siku ileile. Hili ndilo baya kuliko yote, na ndilo limenifanya nichane karatasi tatu kabla ya hii.

Mchana ule waliniita, nikaja na betri iliyojaa nikalikuta gari pale darajani. Nyinyi mlikuwa hospitali, na bado hatukuwa na habari ya mtoto. Nikafunga betri. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, sijauchomeka. Nikasikia kwenye buti chenja inaamka yenyewe, inavuta CD, inaanza kuzunguka. Nikaingia mbele nikaitazama redio. Kitufe chake kilikuwa kimezimwa. Nilikiangalia muda mrefu, kaka. Nikaenda nyuma, nikaukata ule waya, nikauzungushia tepu nyeusi, nikafunga buti. Nilipogeuka Baba alikuwa anateremka na fimbo yake. Akaniuliza nini kimetokea. Nikasema betri imekwisha. Akaniuliza kama ni redio iliyoachwa inawaka. Nikamjibu, inawezekana.

Ni neno moja tu nililosema. Sikusema ni wewe, nilisema inawezekana. Wakati huo nilidhani mtoto atapona, na itakuwa ni hasira ya siku mbili tatu, na wewe Baba anakupenda, utasamehewa upesi. Mimi nilikuwa na siku tatu tu tangu nishikwe bega mbele za watu. Sikutaka heshima ile inipotee. Jioni habari ikaja kwamba mtoto amekufa, na tangu hapo sikuona tena mahali pa kuanzia kusema. Ulipokuwa unaapa mbele ya ukoo nilikuwa nimekaa nyuma yako, hatua mbili. Uligeuka ukanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye fundi, ukitegemea niseme jambo. Nikatazama chini. Nadhani unakumbuka.

Miaka minne nimejitetea kwamba maisha yanaendelea. Lakini sikujua kwamba huko uliko umeanza kuamini. Nilifikiri umekasirika, na hasira ningeiweza. Nilipomsomea Baba barua yako, kusikia kwa sauti yangu mwenyewe ukiomba radhi kwa kosa langu, na kumwona mzee yule analia anakusamehe, niliona nimekuwa mtu wa ajabu sana. Usiku wa Jumatano, wa Alhamisi na wa Ijumaa sikulala. Jana nikapanda Lufingo, nikamwambia Baba na Mama wakiwa pamoja. Nimewaambia kama nilivyokuandikia wewe, sikupunguza.

Baba hakunipigia kelele. Aliniuliza swali moja tu, kama nina hakika redio ilikuwa imezimwa. Nikamwambia nina hakika, niliiona kwa macho yangu. Akauliza tena. Nikajibu tena. Kisha akamwambia Mama, si mimi, kwamba alimwita mwanawe muuaji mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao atayafuta. Amewaita ukoo Jumapili ijayo baada ya ibada. Nami nitasimama pale niseme. Pia amesema salamu zake kwa mkamwana wake hatampa Mama azipeleke. Atamwomba radhi shemeji mwenyewe, kwa mdomo wake, uso kwa uso. Mama alishtuka, akamuuliza kama anajua anachosema. Baba akasema anajua, na kwamba kama heshima aliyokuwa nayo kwa yule binti ingekuwa heshima kweli, asingemfanya aondoke nyumbani.

Tangu jana hajanisemesha. Mama aliniwekea chakula, lakini hakukaa nami kula kama kawaida. Simlaumu.

Kwa hiyo, kaka, ule msamaha nilioagizwa kukuletea siwezi kukuletea. Si wako. Hukuwa na kosa la kusamehewa. Mpe shemeji barua hii ukiona anaweza kuisoma, na umwambie kwamba mumewe alisema kweli mara zote tatu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ninachoomba ni kimoja, mje ajifungulie huku au msije, amueni nyinyi, lakini msizuiwe tena na mimi. Fundi mmoja wa Tunduma amekubali kunipokea karakana kwake. Ukiniandikia kwamba unataka kuja na hutaki kuniona, kabla hamjashuka stendi nitakuwa nimeshaondoka, na Baba na Mama nimewaambia wasinizuie. Ukisema nibaki, nitabaki. Kaka, mimi nilikuondoa kwa kunyamaza, na safari hii wewe ndiye wa kusema nani anakaa nyumbani.

Mama anawasalimu sana, anauliza kama huko mnapata ndizi za kupika. Baba anamsalimu mwanawe. Ameniagiza niandike hivyohivyo, neno kwa neno: anamsalimu mwanawe. Nisalimie walimu wenzako, na Mungu amlinde shemeji mpaka siku yake.

Ni mimi mdogo wako,
Ambwene